Bei ya Ardhi na Kumbukumbu ya Ramani

Ramani huonyesha jiji lilivyo, na pia huonyesha ni nani aliyewahi kuonekana na watawala. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi tunaikabidhi tarakilishi kazi ya kukadiria thamani ya ardhi mijini, nasi tunasahau kuiuliza imejifunzia wapi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mfumo wa taarifa za kijiografia hupokea bei za viwanja vilivyokwisha kuuzwa, hupima umbali wake kutoka barabara ya lami, soko au kituo cha mabasi yaendayo haraka, kisha hukisia bei ya viwanja visivyouzwa.

Tuitazame Dar es Salaam. Wajerumani waliligawa jiji kwa viwango vya ujenzi. Waingereza wakaendeleza kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi, ukitenganisha Uhindini na Kariakoo. Hata hivyo, Kariakoo ilipimwa kwa mitaa iliyonyooka, na leo ni kitovu cha biashara. Manzese na Tandale zilikua bila kupimwa. Kwa hiyo, pamoja na rangi ya mkazi, urithi mzito wa ukoloni ni mpaka baina ya ardhi iliyopimwa na isiyopimwa.

Uhuru haukuufuta mpaka huo. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 iliweka masharti yaliyobana fidia ya ardhi tupu. Aghalabu mwananchi alilipwa nyumba na mazao yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndiyo iliyotamka kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka.

Thamani hiyo itathibitishwaje? Huwaambia wanafunzi wangu waanzie ofisi ya serikali ya mtaa. Katika makazi yasiyopimwa, mauzo mengi huandikwa kwenye karatasi mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hizo hukaa makabatini na masandukuni, wala haziingii katika kanzidata. Mauzo yasiyoonekana huifanya tarakilishi ikisie kwa kuazima bei za mbali. Na hata penye hati, bei inayotajwa huweza kupunguzwa ili kukwepa kodi.

Sipingi zana hizi, nazifundisha. Lakini mtumishi wa umma anayefungua ramani kabla ya barabara kupita juu ya nyumba ya mtu ana wajibu wa kuuliza: ni mauzo mangapi ya mtaa huu yaliyoingizwa humu? Na mwenye nyumba ana haki ya kuonyeshwa hesabu iliyotumika, ili aweze kuipinga kwa karatasi yake. Vinginevyo, kosa la mpimaji wa kikoloni litarudi mezani, safari hii likiitwa sayansi.