Ukuu Si Ubabe

Wanaochunguza tabia za wanyama wana dhana ambayo Kiswahili bado hakijaipatia jina lililotulia: ule mpangilio wa nani anampisha nani ndani ya kundi. Ilianzia kwa kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei alieleza jinsi kuku wanaofugwa pamoja wanavyojuana: huyu humdonoa yule, yule humdonoa wa chini yake, na chakula kikimwagwa kila mmoja anaijua nafasi yake. Neno linalotujia haraka ni "ubabe". Mimi nashikilia "ngazi ya ukuu", na hoja yangu inatoka kwa fisi wa Ngorongoro.

Kwa fisi madoa, mkuu wa kundi kwa kawaida ni jike. Mtoto hushika nafasi iliyo chini tu ya mama yake. Dume akishakomaa, mara nyingi huhama, na huko ugenini huanzia mkiani, akiwapisha majike na hata watoto wao. Kwa kuwa jike ana mwili mkubwa kidogo kuliko dume, na kinembe chake kimerefuka hata kufanana na uume, watu tangu kale walimdhania huntha. Baadaye wapo wanasayansi waliotafuta siri ya ukuu wake katika homoni za kiume, kana kwamba jike hawezi kuwa juu mpaka awe na udume ndani yake.

Watafiti wanaofuatilia makundi manane ya kreta ya Ngorongoro tangu 1996 walitoa jibu jingine mwaka 2018. Walichambua maelfu ya mikabiliano ya fisi wawili wawili, wakajiuliza: kama ugomvi ungekolea, nani angepata wa kumsaidia? Karibu kila mara aliyeshinda ni yule mwenye watetezi wengi zaidi, awe jike au dume, mzito au mwepesi. Majike huwa juu kwa sababu hubaki kwao, katikati ya mama, dada na binti zao. Dume mhamiaji amewaacha ndugu zake nyuma. Dume aliyebaki kundini alimozaliwa, naye huweza kupishwa na majike.

Ndiyo maana "ubabe" halifai: linatupeleka kwenye misuli na meno. "Utawala" nalo huleta sheria, ofisi na raia, vitu ambavyo fisi hana. "Ukuu" ni neno la uhusiano. Mtu ni mkuu kwa fulani, hawi mkuu peke yake porini, na hicho ndicho hasa kinachopimwa: nani alipisha.

Binadamu si fisi, na sikubali mtu achukue mnyama mmoja kuhalalisha mila yake. Lakini swali la watafiti wale linatuhusu. Mwanamke akiwa na mamlaka huitwa jikedume, tusi linaloutafuta uwezo wake mwilini. Tungetazama kwanza nani yuko nyuma yake. Bibi harusi anayehamia kwa ukoo wa mumewe huingia kama yule dume mgeni: hana kaka wala shangazi wa kumsemea, na unyonge wake huhesabiwa kuwa ndiyo tabia ya wanawake. Kwa Waluguru wa Morogoro, ambako ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, mwanamke anaposimama kwao hasimami peke yake.

Ngazi yenyewe nayo hubadilika hali. Katika kundi moja la nyani kule Maasai Mara, lililochunguzwa na mtafiti Robert Sapolsky, madume wakali waliozoea kugombania mabaki ya hoteli ya watalii walikufa kwa kifua kikuu katikati ya miaka ya 1980, wakabaki wale wapole. Kufikia 1993 madume wote waliokomaa walikuwa wageni waliotoka makundi mengine, lakini upole huo uliendelea. Wakuu walikuwepo bado, ila waliwasumbua wa chini mara chache zaidi, na majike waliwapokea wageni mapema kuliko ilivyo kwingineko.