Maumivu ya Ghafla ya Tumbo kwa Watu Wazima: Hoja ya Kuanza na Kazi ya Mgonjwa

Mtu mzima akifikishwa hospitali akiwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo, daktari huwa na orodha yake kichwani: kidole tumbo, kidonda cha tumbo kilichotoboka, mawe kwenye nyongo, utumbo uliojisokota, na kwa mwanamke, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Orodha hiyo inaokoa maisha kila siku. Kasoro iko mkiani mwake, kwenye zile sababu zinazoitwa nadra, ambazo vitabu vingi vimezirithi kutoka wodi za Ulaya na Marekani. Makala haya yanadai kwamba mjini Likasi, nchini Kongo, mkia huo hauna budi kupangwa upya, na kigezo cha kwanza kiwe kazi na makazi ya mgonjwa.

Panda ni moja ya komini nne za Likasi, pamoja na Kikula, Shituru na Likasi yenyewe. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi 1966, ulikua kwa shaba ya Union Minière: Panda kulikuwa na tanuri za kuyeyushia, na jirani yake Shituru ilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Kampuni ilipogeuka Gécamines, vumbi halikuhama. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Walioishi karibu kabisa na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti, shaba, aseniki, kadmi, urani na risasi kwa viwango vya juu kuliko wenzao wa mbali. Hiyo haina maana kwamba kila tumbo linalouma Panda lina risasi. Ina maana kwamba swali la risasi si la anasa.

Na ugonjwa wa sumu ya risasi unadanganya. Maumivu yanakuja kwa mawimbi, mgonjwa anatapika, hajapata choo siku kadhaa, na daktari wa upasuaji anaanza kufikiria utumbo ulioziba. Lakini tumbo likibonyezwa, mara nyingi mgonjwa hapigi kelele. Wapo wanaolikandamiza kwa mikono wapate nafuu, jambo ambalo mwenye utumbo uliotoboka asingethubutu. Mdomo ukiinuliwa, huenda ukaonekana mstari wa buluu ya kijivu ukingoni mwa fizi, alama aliyoieleza Henry Burton mjini London mwaka 1840. Mwaka mmoja kabla yake, Louis Tanquerel des Planches wa Paris alikuwa ametoa kitabu cha magonjwa ya risasi kilichojengwa juu ya wagonjwa zaidi ya 1,200. Karibu na kwetu, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, hadi mahakama ikaamuru mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Selimundu nayo haiwezi kuitwa nadra nchini Kongo. Watoto wachanga 31,204 walipopimwa Kinshasa, asilimia 1.4 walikutwa na ugonjwa wenyewe, kwa mujibu wa matokeo yaliyotolewa mwaka 2009. Wanaofikia utu uzima wanaweza kupata maumivu ya tumbo yanayofanana kabisa na ya kidole tumbo. Kumpasua mgonjwa kama huyo bila kumwandaa kwa maji, oksijeni na damu ni kumwongezea hatari. Hata hivyo selimundu huzalisha mawe ya nyongo pia, hivyo kujua ugonjwa wake hakumwondolei daktari wajibu wa kulipapasa tumbo.

Mfano mzito zaidi unatoka Kikwit. Aprili 1995 fundi wa maabara alipasuliwa huko kwa kushukiwa kwamba taifodi imemtoboa utumbo. Alikuwa na Ebola. Baadhi ya waliomhudumia kwenye chumba cha upasuaji waliambukizwa, na hadi mlipuko ulipokwisha, watu 315 walikuwa wameugua, 80 kati yao wahudumu wa afya. Takriban wanne katika kila watano walifariki. Dhana ya madaktari wale haikuwa ya kipuuzi. Miaka kumi baadaye, mlipuko wa taifodi wa Kinshasa wa 2004 na 2005 ulileta visa 696 vya utumbo kutoboka na maambukizi ya utando wa tumbo.

Hapo ndipo pingamizi lina nguvu: utumbo uliotoboka hausubiri mahojiano, na anayewinda magonjwa ya ajabu huchelewesha kisu kinachohitajika. Jibu ni kwamba maswali yenyewe yanaulizwa wakati dripu inatundikwa. Unafanya kazi gani? Unaponda mawe au unayeyusha betri nyumbani? Kuna mwenye selimundu katika familia? Homa ilitangulia maumivu, na umemuuguza nani wiki tatu zilizopita?

Vifaa vingine vipo tayari. Maabara inayotafuta malaria kila siku inaweza kupaka tone jembamba la damu kando ya lile zito, kwa sababu tone zito huharibu chembe nyekundu na kuficha umbo lake. Kwenye tone jembamba chembe za mundu huonekana, na pia madoadoa ya buluu ndani ya chembe nyekundu. Madoadoa hayo hayathibitishi risasi peke yake, kwa kuwa magonjwa mengine ya damu huyaleta pia, lakini yanatosha kumtenga mgonjwa atakayepelekewa damu yake Lubumbashi kupimwa risasi, hata kama tumbo lake limeshatulia.