Katuma, Mto Unaoishia Njiani

Maji ya bonde la Rukwa, magharibi mwa Tanzania, hayajawahi kutulia. Mwaka 1929 Ziwa Rukwa lilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi. Miaka kumi baadaye lilifika kilomita 128. Anayedai kila ukame wa mkoa wa Katavi umeletwa na mabadiliko ya tabianchi anasahau hilo. Anayedai hakuna jipya naye anafumba macho.

Zamani mto wa bonde hili ukipungua, watu walihama. Wapimbwe, Wabende na Wakonongo waliishi wametawanyika, wakilima, wakiwinda na kurina asali. Miaka ya 1920 Waingereza, wakipambana na ugonjwa wa malale, waliwatoa msituni na kuwakusanya katika makazi machache. Mapori yaliyobaki na mbung'o ndiyo leo tunayaonyesha wageni kana kwamba hayajawahi kukaliwa! Kisha ikaja reli kutoka Kaliua, kufuata madini ya risasi ya Mpanda. Miaka ya 1970 wakimbizi wa Burundi wakafungua mashamba Katumba na Mishamo. Mwaka 1974 Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa. Wafugaji wa Kisukuma nao wakaingia na ng'ombe wao. Kila mmoja alikuja kutafuta maisha, nami simlaumu.

Ila wengi wao wanautegemea Katuma, mto unaopita Sitalike, ukaingia maziwa ya Katavi na Chada, ndipo uelekee Rukwa. Kabla haujafika hifadhini hukutana na majaruba ya mpunga na mabanio ya viroba vya mchanga, magogo na udongo. Miombo ya vilimani inakatwa kwa mashamba, mkaa na kukaushia tumbaku. Mvua, ambayo kwa kawaida ni ya Novemba hadi Aprili, ikichelewa kisha ikamwagika kwa kishindo, ardhi tupu haiinywi. Maji yanateremka na udongo. Joto nalo likizidi, madimbwi hukauka upesi.

Oktoba, nenda Ikuu, ndani ya hifadhi. Viboko wamebanana topeni, migongo imepauka kwa matope makavu, madume yanararuana kugombea sehemu yenye unyevu. Mamba wamejibanza kwenye mapango ya kingo, wamelaliana.

Hapa mabadiliko ya tabianchi yameukuta mto ambao tayari umekwisha kugawanywa. Vibali vya kuchota maji vipimwe kwa kiangazi kibaya kabisa, si kwa Machi mto ukiwa umefurika, na sehemu ya mto wenyewe itengwe kwanza, kabla ya jaruba la kwanza.