Mluzi wa Mlembe

Miaka iliyopita ukurasa huu wa historia katika kijarida chetu cha harambee ulihusu barabara na chemchemi. Mwaka huu tunaandika kuhusu mluzi.

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Eyasi, iwe upande wa Mang'ola au wa Yaeda Chini, tulizoea kumwona Mhadzabe akipita na upinde wake na mishale, akipiga mluzi. Tukiwa watoto tulidhani anajiburudisha. Kumbe alikuwa akiita.

Wawindaji wa upinde wa nchi nyingi huita mnyama. Kule Marekani hupuliza filimbi inayoiga mlio wa kulungu dume, wengine husimamisha sanamu ya kulungu ili dume aje kumkabili. Mhadzabe akitaka mnyama mkubwa humvizia. Kiangazi, maji yanapobaki sehemu chache, hujificha usiku karibu na maji na kumpiga mshale wenye sumu ya panjube au shanjo. Mluzi wake unamlenga ndege, yule mlembe, ambaye Wahadzabe humwita tik'iliko.

Mlembe anajua nyuki walipo, ila hawezi kupasua mti, na nyuki wanaweza kumuua. Mtu ana shoka na moshi. Ndege akisikia mluzi huja, hulia mfululizo kama kiberiti kinachotikiswa, huruka kidogo akionyesha manyoya meupe ya pembeni mwa mkia, hutua, husubiri. Ukitazama vizuri, hapo ni yeye anayemvuta mwindaji, kwa sauti na kwa rangi. Mwindaji hupigilia vigingi kwenye mbuyu, hupanda na mwenge wa moshi, hushusha masega. Mtu hupata asali, ndege hupata nta na watoto wa nyuki.

Tusidhani kwamba kila siku hugawana kwa haki. Wahadzabe mara nyingi huficha au huchoma masega yaliyobaki ili ndege abaki na njaa na kuwapeleka kwenye mti mwingine.

Habari za ndege huyu zimeandikwa zamani. Mwaka 1588 mmisionari Mreno João dos Santos, akiwa Sofala, alimwona akiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa. Mwaka 1989 Mkenya Hussein Isack na mwenzake Reyer walionyesha kwamba Waborana wakiwa katika eneo geni walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki bila ndege, na saa 3.2 wakiwa naye. Kwetu, utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mlembe huongeza kasi ya Wahadzabe ya kupata viota vya nyuki kwa asilimia 560, na kwamba asilimia 8 hadi 10 ya chakula chao hupatikana kwa msaada wake. Kwa sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu, asilimia kama hizo si ndogo.

Jambo kubwa zaidi lilitoka mwaka 2023. Watafiti walipiga rekodi za miito katika vilima vya Kidero kwetu na huko Niassa, Msumbiji, ambako Wayao huita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno. Mlembe wa Kidero aliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Wa Niassa alipendelea wa Kiyao karibu mara mbili. Mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, hivyo kinda hakui na wazazi wake. Inaelekea lugha ya mwito anajifunza kwa watu anaowakuta. Mluzi wetu ukipotea, hatuwezi kuazima wa Niassa.

Na unaweza kupotea. Mwaka 1964 na 1965 serikali ilijaribu kuwakalisha Wahadzabe vijijini, Yaeda Chini ikiwemo. Wengi waliugua, na waliobaki wakarudi porini. Baada ya hapo mashamba na mifugo viliendelea kusogea. Hapa tuseme ukweli: vitunguu vya Mang'ola vimewasomesha wengi wetu tunaosoma kijarida hiki, na ng'ombe wa wazazi wetu walikunywa maji yale yale ambayo wanyama na wawindaji walikuwa wakiyategemea. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya ardhi ya pamoja, na hilo limesaidia. Lakini mtoto aliye bweni miezi tisa kwa mwaka hapati wa kumfundisha mluzi. Shule tunaitaka, na sisi ndio tunaoichangia.

Kwa hiyo katika mchango wa mwaka huu, mbali na madawati, tumetenga fungu la kurekodi miluzi ya wazee, na la posho kwa wazee watakaotembea na wanafunzi wakati wa likizo. Rekodi zitabaki kwao wenyewe. Wazee wameomba kurekodi kufanyike kule kule mlimani, asubuhi, ndege wakiwepo.