Safari ya tanga Lamu: Kutoka Kianjai hadi maji ya Mbwaa

Wazee wa Kianjai na maeneo mengine ya Wameru husimulia kwamba mababu zao walitoka Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji, walikotumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani mavazi mekundu. Waliamriwa kutenda yasiyotendeka, kama vile kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Hatimaye walitoroka, na kiongozi wao, Koomenjoe, akawavusha maji. Waliovuka usiku, alfajiri na mchana ndio waliokuwa asili ya koo nyeusi, nyekundu na nyeupe.

Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu historia simulizi ya Wameru, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu. Si wataalamu wote walioafiki. Hata hivyo, anayekiona kijito cha Manda kikijaa saa chache tu baada ya kukauka hatashangaa kwamba kisa cha maji kupisha watu kilipata masikio.

Leo kisiwa hicho huzuruwa kwa starehe. Kama Uturuki inavyosifika kwa safari za merikebu za mbao kutoka Bodrum na Marmaris, Lamu nayo ina mashua na majahazi yanayokodishwa pamoja na nahodha wake. Tofauti ni kwamba merikebu nyingi za Uturuki huenda kwa injini na zina vyumba vya kulala, ilhali mashua ya Lamu ni wazi: abiria hulala juu ya godoro sitahani, au huteremka na kulala ufuoni.

Kutoka Kianjai, katika Tigania Magharibi, msafiri hupitia Nairobi. Anaweza kupanda ndege hadi uwanja wa Manda, au kuendelea kwa barabara kupitia Mombasa, Malindi na Garsen hadi Mokowe, kisha kuvuka kwa boti. Miraa ya Tigania na Igembe imekuwa ikifika Lamu kwa miaka mingi. Wenyeji wa huko hawatamwona Mmeru kuwa mgeni kabisa.

Safari ya siku moja huelekea magofu ya Takwa, mji uliostawi Manda katika karne za 16 na 17 kabla ya wakazi wake kuuhama. Msikiti wake ungalipo, pamoja na kaburi la mnara ambalo watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Njia ni kijito kilichopenya mikoko, na hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Atakayechelewa kuondoka atakaa juu ya matope hadi maji yarudi. Kaskazini mwa kisiwa hicho kuna magofu ya Manda yenyewe, mji uliokuwapo tangu karne ya 9.

Wenye siku mbili au tatu hupita mkondo wa Mkanda hadi Pate, penye magofu ya Shanga na ngome ya Siyu. Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wangali wanaunda vyombo kwa mkono, wakiziba nyufa za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta. Kazi hiyo huitwa kalafati.

Majira ndiyo yanayoamua mengi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa na bahari tulivu zaidi. Kusi huchafua maji kuanzia Aprili, na Juni na Julai si miezi ya mtu aliyekulia milimani, asiyejua kuogelea, kujaribu bahari kuu nje ya visiwa. Ndani ya mikondo, penye kinga ya visiwa, hali huwa afadhali.

Bei haina budi kuafikiwa kabla ya kung'oa nanga: ni ya chombo au ya kila abiria? Je, chakula, maji ya kunywa na makaa vimo? Kwa kawaida baharia ndiye mpishi, na wali wa nazi na samaki wa kuchoma huwa vimo. Muhimu kuliko bei ni jaketi za kujiokoa. Zihesabiwe mbele ya nahodha, na zivaliwe, zisiwe mto wa kulalia. Nahodha anayekubali abiria kupita kiasi au anayetaka kusafiri usiku akataliwe hata akipunguza nauli.

Kiwayu, mbali zaidi kaskazini, pana ufuo wa kupendeza ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa 1979. Lakini Septemba 2011 watu wenye silaha waliwavamia watalii huko, na mwezi uliofuata Mfaransa mmoja akatekwa nyara Manda. Kabla ya kwenda upande huo, msafiri aulize polisi mjini Lamu kuhusu hali ya usalama, wala asitosheke na neno la anayetaka kumkodishia chombo.