Nyayo, Pesa na Merikani: Hatari ya Kufanya Neno la Watu kuwa Jina la Biashara

Makala haya yanahusu tabia moja ya wenye biashara, nayo ni ile ya kuchukua neno lililo hai vinywani mwa watu na kulifanya jina la kampuni au bidhaa. Majina ya kubuni, yasiyo na maana katika lugha yoyote, hayatuhusu hapa. Mwenye jina la kubuni hahatarishi mengi, kwa kuwa neno lake halina jamaa. Lakini anayechukua neno lenye ukoo katika lugha ni kama aliyeoa: hupata mke, na hupata pia mashemeji ambao hakuwachagua.

Katika pwani yetu, zamani aghalabu ni mnunuzi aliyeipa bidhaa jina. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipoleta nguo zao nzito za pamba Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, watu waliziita merikani, yaani za kutoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, nguo za kutoka kwingine zilishika nafasi yake sokoni, lakini jina halikuondoka. Nguo ya Bombay nayo ikawa merikani. Aliyeifuma hakuulizwa.

Kanga ilileta mambo mapya. Maandishi yaliyo katika ukingo wake huitwa jina, na istilahi hiyo yafaa izingatiwe, kwani inaonyesha kwamba kwa mwanamke wa Mombasa au Lamu nguo isiyo na maneno ni nguo isiyokamilika. Hapa muuzaji ndiye mwenye kuchagua. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, limeishi kwa biashara hiyo zaidi ya karne moja. Muuzaji wa kanga huweka fedha zake katika fumbo. Jina likiwa baridi, mzigo hulala dukani; likiwa kali, hununuliwa upesi, kisha mvaaji hulipeleka kwa mke mwenza au kwa jirani, likasema jambo ambalo mwenye duka hakulifikiria kabisa. Hata hivyo muuzaji huyo ana kinga: kesho ataleta jina jingine.

Kinga hiyo ndiyo iliyokosekana katika mkasa wa neno nyayo, ambao kwa maoni yetu ndio mfano mzito kuliko yote katika historia ya majina nchini Kenya. Rais Daniel arap Moi aliposhika madaraka mwaka 1978, baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta, aliahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake. Neno lenyewe lilikuwa la unyenyekevu, kwa kuwa mwenye kufuata nyayo anakiri kwamba si yeye aliyeikata njia. Muda si muda lilivuka mipaka yake. Mwaka 1979 watoto wa shule za msingi walianza kupewa maziwa bila malipo, nayo yakaitwa maziwa ya Nyayo. Mwaka 1983 ukaja uwanja wa michezo. Mwaka 1986 yakaja mabasi ya Nyayo, na mashamba ya chai yaliyopandwa kandokando ya misitu yakapewa jina hilohilo.

Sarufi nayo iliguswa. Nyayo ni wingi wa wayo, na upatanisho wake ni wa ngeli ya U-ZI: nyayo zinaonekana. Lakini Rais mwenyewe alipokwisha kuitwa Nyayo, ikawezekana kusema "Nyayo amefika", na basi lilipokawia kituoni ikawezekana kusema "Nyayo imechelewa". Neno moja likawa na pa kukaa katika ngeli tatu, na msikilizaji hakuwa na njia ya kuzitenga kabisa katika fikra zake. Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Maziwa yakiganda, ni maziwa ya nani?

Mwaka huohuo wa 1986 Rais alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa baya wa sura na zito wa mwendo. Magari matano ya majaribio yaliundwa, yakafikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, na mwaka 1990 yakaonyeshwa hadharani kwa jina la Nyayo Pioneer. Wahandisi wale walifanya kazi ambayo hatuna haki ya kuicheka. Jina ndilo lililokuwa na ujasiri kupita kiasi, kwani liliifunga heshima ya mtawala na injini. Gari likizima njiani, ni nani aliyezima? Tena gurudumu halina wayo. Mwenye nyayo ni yule aendaye kwa miguu. Fedha za kuyaunda magari kwa wingi hazikupatikana, na shirika lililokusudiwa kuyatengeneza, Nyayo Motor Corporation, baadaye likageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, jina ambalo halimwahidi mtu chochote. Mabasi nayo yalitoweka barabarani katika miaka ya 1990.

Wakati huohuo, katikati ya Nairobi, jengo la serikali liitwalo Nyayo House lilikuwa na vyumba vya chini ya ardhi ambamo washukiwa wa kisiasa walifungiwa na kuteswa, hasa kuanzia mwaka 1986. Vyumba hivyo vilifunguliwa ili umma uvione mwaka 2003. Hivyo neno lililokuwa katika pakiti ya maziwa ya mtoto lilikuwa pia juu ya mlango wa seli ya mwalimu wake. Hakuna mtungaji wa kanga aliyewahi kuunganisha mawili kama hayo katika jina moja.

Tukiligeukia neno pesa, twaona mambo yakienda kinyume. Asili yake ni sarafu ya shaba ya Bara Hindi, ambayo 64 zake zilifanya rupia moja. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Mombasa ilifua sarafu zake za aina hiyo mwaka 1888. Neno la sarafu hii duni likapanda hadi likawa jina la fedha yote. Mnamo Machi 2007 Safaricom iliita huduma yake M-Pesa. Huo ulikuwa ujasiri wa kweli, kwa maana kampuni ya simu, isiyo benki, ilijitangaza kwa jina la kitu chenyewe. Watu wenye shaka hawakukosekana, na Desemba 2008 John Michuki, aliyekuwa akikaimu Wizara ya Fedha, aliagiza huduma hiyo ikaguliwe, ikaonekana salama. Herufi M ilitokana na neno la Kiingereza la simu ya mkononi, lakini sikio la Mswahili huisikia kama kiambishi, na mpesa hutamkika kama mkate au mkeka.

Afrika Kusini huduma hiyo ilianzishwa mwaka 2010 na kufungwa mwaka 2016. Sababu zilikuwa nyingi, mojawapo ikiwa ni mabenki yaliyokwisha kuenea. Lakini mwanaisimu haachi kuona kwamba huko neno pesa lilifika peke yake, bila jamaa wa kulipokea.