Zaidi ya Injini: Uteuzi wa Transfa katika Land Rover za Kale Zilizobadilishwa Mfumo wa Nguvu, 1948–1985

Utangulizi

Maandishi mengi yanayohusu historia ya Land Rover huigawa historia hiyo kwa injini. Msomaji huelezwa injini ya petroli ya lita 1.6 ya mwaka 1948, kisha ya lita 2.25, kisha V8, na hatimaye dizeli zenye tabo. Mgawanyo huu una sababu inayoeleweka. Katika Kenya na Tanzania, kama ilivyo Uingereza, kadi ya usajili wa gari huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Transfa, yaani sanduku la pili la gia linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, haimo katika kadi. Gari likibadilishwa injini, mabadiliko hayo huacha alama katika nyaraka. Likibadilishwa transfa, nyaraka hukaa kimya. Mwanahistoria anayetegemea karatasi huishia kuandika historia ya kile ambacho karani alitakiwa kukijaza.

Makala hii inadai kwamba katika kuligeuza gari la kale la magurudumu manne lipokee injini nyingine, uamuzi mzito haukuwa injini. Ulikuwa transfa, pamoja na difu zinazoambatana nayo. Hoja hii inajengwa juu ya mfano mmoja ambao kiwanda chenyewe kilikabiliana na swali hilo: Land Rover 109 V8 ya mwaka 1979, iliyojulikana kama Stage 1.

Urithi wa Jeep

Gari la kwanza la majaribio la Rover, lililoundwa mwaka 1947, lilitumia chasisi ya Jeep. Jeep ya vita, Willys MB, ilikuwa na transfa ya Spicer 18 ambayo shafti yake ya kutokea nyuma haikuwa katikati bali upande wa kulia, hivyo difu ya nyuma nayo ikalazimika kukaa kulia. Land Rover iliyozinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 ilikuwa na mpangilio kama huo: propela shafti zote mbili zilipita kulia, na difu zote mbili zilielekea kulia.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililoweka mipaka ya kila ubadilishaji uliofuata. Jeep iliweza kujinasua. Mwaka 1972 transfa ya Dana 20, yenye shafti ya nyuma ya katikati, ilichukua nafasi ya Dana 18, na ekseli ya nyuma ikabadilishwa kuifuata. Land Rover haikufuata njia hiyo. Fundi anayetaka kuifunga transfa ya katikati chini ya Land Rover ya kale hana budi kubadili na ekseli, ama akubali propela shafti iliyokaa mshazari hata krosi zake zikaisha kabla ya wakati.

Hesabu ya uwiano

Transfa ya Land Rover za Series II na III ilikuwa na uwiano wa 1.148 katika ngazi ya juu. Ngazi ya chini ilikuwa 2.888 katika magari ya awali, baadaye ikawa 2.35. Difu zilikuwa za 4.7. Kwa tairi za 7.50-16, ambazo mzunguko wake mmoja ni takriban mita 2.5, mwendo wa kilomita 90 kwa saa huhitaji magurudumu yazunguke mara 600 kwa dakika, na injini takriban mara 3,240. Hesabu hii, na zinazofuata, ni za gia ya nne, ambayo katika giaboksi zote zinazojadiliwa hapa hupitisha mzunguko moja kwa moja. Aliyewahi kusafiri safari ndefu katika 109 atakumbuka kelele hiyo bila kuhitaji hesabu yangu.

Hapo ndipo tatizo la ubadilishaji linapoanzia. Injini mpya inapofungwa, hasa dizeli yenye tabo ambayo nguvu yake ya msokoto hufikia kilele chini, dereva hutaka gari liende kasi zaidi kwa mizunguko michache. Njia rahisi ni kuchukua difu za 3.54 za Range Rover na kuiacha transfa ya zamani mahali pake. Mizunguko hushuka hadi takriban 2,440, na barabarani gari huonekana limepona. Lakini zidisha ngazi ya chini: 2.35 kwa 4.7 ni 11.05, ilhali 2.35 kwa 3.54 ni 8.32. Gari limepoteza robo ya uwezo wake wa kutambaa, na kutambaa ndiko kulikokuwa sababu ya kuundwa kwake. Kilichofanyika si uboreshaji wa Land Rover. Ni kuigeuza gari la barabarani lenye sura ya Land Rover.

Kampuni ya Fairey ilitoa jawabu lingine katika miaka ya 1970: ovadraivu iliyofungwa nyuma ya transfa, yenye uwiano wa 0.782. Iliteremsha mizunguko hadi takriban 2,530 bila kugusa ngazi ya chini, kwa kuwa ilitumika au kuachwa kwa mkono. Kwa injini ya asili lilikuwa jawabu la busara. Kwa injini yenye msokoto mkubwa zaidi lilikuwa mzigo juu ya giaboksi ambayo tayari haikuundwa kuubeba.

Stage 1 kama uamuzi

Baada ya serikali ya Uingereza kuichukua British Leyland mwaka 1975, fedha zilitengwa kwa ajili ya Land Rover, na hatua ya kwanza ya uwekezaji huo ndiyo iliyolipa gari jina lake. Shinikizo lilitoka masoko ya nje. Katika Afrika na Australia, Toyota Land Cruiser yenye injini kubwa ya silinda sita ilikuwa imekwisha kuinyang'anya Land Rover wateja. Injini ya kujibia ilikuwepo tayari: V8 ya lita 3.5, yenye asili ya Buick, iliyokuwa ndani ya Range Rover tangu 1970.

Wanaosimulia kisa hiki kwa injini hushangaa kwa nini V8 hiyo ilipunguzwa hadi nguvu za farasi 91. Kwa maoni yangu mshangao huo unatokana na kulitazama gari kutoka juu, boneti ikiwa wazi. Ukilitazama kutoka chini, jambo kubwa ni jingine. Kiwanda hakikuthubutu kuifunga V8 kwenye transfa ya Series. Kilichukua LT95 ya Range Rover, ambayo giaboksi na transfa vimo katika kasha moja, na kikaweka difu za 3.54. Kisha, badala ya uwiano wa juu wa Range Rover, kikaweka uwiano wa takriban 1.34. Matokeo yake ni mizunguko kama 2,840 kwa mwendo ule ule wa kilomita 90: pungufu ya ile ya Series, lakini bado si gari la mbio.

Ngazi ya chini ndiyo ushahidi wenye nguvu zaidi. LT95 ilikuwa na 3.32. Zidisha kwa 3.54, unapata 11.75, ambayo ni zaidi kidogo ya 11.05 ya gari la zamani. Tena gia ya kwanza ya LT95 ni 4.07 dhidi ya 3.68 ya Series III, hivyo uwiano wote wa kutambaa ulipanda kutoka takriban 40.6 hadi 47.8. Wahandisi waliongeza kasi ya barabarani bila kuiuza porini. Si rahisi kuamini kwamba takwimu hizo zilitokea kwa bahati.

Gharama yake ilikuwepo. LT95 huendesha magurudumu yote manne wakati wote, kwa difu ya katikati inayoweza kufungwa. Ekseli ya mbele ya Series ilikuwa na krosi, ambazo gurudumu likikatwa hupeleka mzunguko kwa mtikisiko. Kwa kuwa ekseli hiyo iliunganishwa porini tu, dereva hakuusikia. Kwa mwendo wa kudumu angeusikia kwenye usukani kila kona. Kwa hiyo Stage 1 ilipewa viungo vya mwendo sawia mbele. Transfa ilibadilisha giaboksi, giaboksi ikabadilisha difu, difu ya katikati ikabadilisha ekseli ya mbele. Breki za ngoma peke yake zilisalia kama zilivyokuwa, na hapo pengine ndipo penye maelezo ya zile farasi 91.

Baada ya 1983

LT230, iliyokuja na One Ten mwaka 1983, ililitenganisha tena sanduku la transfa na giaboksi. Ngazi yake ya chini ilibaki 3.32, lakini ngazi ya juu ilitolewa kwa uwiano mbalimbali: 1.667, 1.410, 1.222, hata 1.003. Kwa mara ya kwanza fundi aliweza kuchagua kasi ya barabarani bila kuigusa ngazi ya chini. Transfa ya 1.222 pamoja na difu za 3.54 hutoa takriban mizunguko 2,600, huku kutambaa kukibaki 11.75. Ile ya 1.410 hutoa takriban 3,000, na kwa gari linalobeba mizigo katika barabara za vumbi naiona kuwa chaguo lenye akili zaidi, ingawa si chaguo linalosifiwa sana.

Vikwazo vya nafasi vilisalia. LT230 hukaa nyuma zaidi ya transfa ya Series. Katika 109 propela shafti hurefushwa mbele na kufupishwa nyuma, na kazi ikaisha. Katika 88 shafti ya nyuma huwa fupi mno na pembe zake kali. Tatizo la krosi za mbele nalo hurudi pale pale lilipokuwa mwaka 1979. Wapo wanaolitatua kwa kuleta ekseli nzima, na wapo wanaoigeuza LT230 iendeshe magurudumu mawili na kuunganisha ya mbele inapohitajika. Gereji za Afrika Mashariki zinazofunga dizeli za Kijapani ndani ya Land Rover hulikuta swali hilo kabla ya injini kuwashwa.

Kwa mtafiti, kuna faraja moja ambayo kadi ya usajili haitoi. Kasha la LT230 limegongwa namba, na tarakimu na herufi za mwanzo za namba hiyo hutambulisha aina ya gari ilikotoka na uwiano wake. Uchunguzi wa magari yaliyopo, kwa tochi na brashi ya waya, unaweza kuonyesha ni transfa ipi iliyochaguliwa katika gari lipi, pale ambapo faili limeandika injini tu.